Kuchagua mfumo wa tovuti Lubumbashi: anza na mtu atakayeushika

Mama mmoja anayeuza vitenge Kamalondo alinijia na simu mkononi. Ndani ya simu mlikuwa na picha zaidi ya mia, zote zimepigwa juu ya meza ileile, kwa mwanga wa mchana. Alichotaka alikisema kwa pumzi moja: "Mi nataka bantu baone bintu na bei, njo banipigie." Kijana wake aliyemsindikiza alikuja na jibu tayari: WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, mandhari ya kulipia (sura ya tovuti iliyotengenezwa tayari) aliyoiona YouTube, na duka la kulipa kwa kadi. Nikamuuliza kijana: wewe ukienda Kolwezi kutafuta kazi, nani ataingiza kitenge kipya Jumatatu? Akanyamaza. Mama akacheka.

Tovuti nyingi nilizoziona zikifa mjini hapa hazikufa kwa ubaya wa sura. Fundi aliondoka na nenosiri. Au kuingiza picha moja kulikula mega, yaani data ya intaneti, mpaka mwenyewe akachoka. Ndiyo maana hatua ninazofuata hazianzi na majina ya programu.

Hatua ya 1: karatasi kabla ya kompyuta

Kaa na mteja, au kaa peke yako kama tovuti ni yako, uandike majibu ya maswali manne. Nani ataandika na kubadilisha mambo fundi akishaondoka? Atatumia simu au kompyuta? Atafanya hivyo mara ngapi: kila siku, kila wiki, au mara mbili kwa mwaka? Na mwaka wa pili nani atalipa, kwa njia gani?

Hilo la mwisho ndilo lenye mwiba. Kampuni nyingi za nje zinataka kadi ya Visa au Mastercard, na pesa ya mteja iko M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Mteja anakupa dola mkononi, wewe unalipa kwa kadi yako, na tangu siku hiyo kampuni inakujua wewe, haimjui yeye. Siku kadi yako haina kitu, tovuti ya mtu inazimika. Kama mteja hana kadi, tafuta muuzaji wa hapa nchini anayepokea pesa ya simu, au mpeleke benki achukue kadi ya kujaza pesa kabla. Tarehe ya kulipa iandikwe ukutani dukani kwake, isikae kichwani mwako.

Kisha andika kurasa zote na utie alama kwenye zile zitakazobadilika. Kanisa lina matangazo ya kila Jumapili. Shule ina ada na kalenda, mambo ya mara mbili tatu kwa mwaka. Fundi wa kuchomelea ana picha za milango na namba ya simu, basi. Zile zenye alama ndizo zitakazochagua mfumo. Kama hakuna hata moja yenye alama, huhitaji mfumo wa kusimamia maudhui, yaani kile wengi wanachokiita CMS. Unahitaji ukurasa mmoja uliotulia.

Hapa sema ukweli hata kama unakunyima kazi. Mtu mwenye bidhaa ishirini na wateja wote wa mtaani anaweza kutosheka na WhatsApp Business, ambayo ina katalogi inayobeba hadi bidhaa 500, bure. Mama wa vitenge nilimwonyesha hiyo kwanza. Alikataa kwa sababu nzuri: wanunuzi wake wa Likasi na Kipushi wanamtafuta Google na hawamwoni.

Hatua ya 2: jina, na jina liwe la mwenyewe

Domeni, yaani jina la tovuti mtandaoni, inunuliwe kabla ya kitu kingine chochote, na isajiliwe kwa barua pepe ya mwenye biashara. Si ya fundi, si ya mpwa wake. Mimi mwenyewe nilishaona uchungu wake: nilipokea tovuti ya chama kimoja cha ushirika, nikaifanya upya yote, halafu tukagundua domeni ipo kwenye akaunti ya fundi wa kwanza aliyehama na kubadilisha namba. Miezi mitatu ya kumtafuta. Mwishoni tulinunua jina jingine, na kadi zote walizochapisha zikawa za kuwashia makaa.

Jina la .com kwa kawaida ni kati ya dola 10 na 20 kwa mwaka. Jina la .cd ndilo la nchi yetu. Lilichukua nafasi ya .zr ya enzi za Zaire. Linapendeza, linasema uko wapi, lakini bei zake zinapishana sana kati ya muuzaji na muuzaji, kwa hiyo uliza wawili watatu. Na usiulize bei ya mwaka wa kwanza tu. Wauzaji wengi wanakushika kwa bei ndogo ya kuanzia, na kwenye kulipia tena ndiko wanakotoa kisu.

Hatua ya 3: koo za mifumo

Mifumo ni mingi lakini koo zake ni chache.

Ukoo wa kwanza ni wa huduma za kukodi kila kitu: Wix, Squarespace, Shopify. Unaburuta visanduku, unaweka picha, imekwisha. Seva (kompyuta inayohifadhi tovuti mtandaoni), masasisho na usalama ni kazi yao. Kwa mtu asiye na fundi hii si aibu hata kidogo. Ila unapanga nyumba ya mtu, na mlango wa kutokea ni mwembamba: tovuti ya Wix, kwa mfano, huwezi kuibeba kama ilivyo ukaipandisha kwenye seva nyingine. Utaijenga upya. Shopify ni duka kamili, lakini unalipa kila mwezi kwa dola, na thamani yake kubwa iko kwenye malipo ya kadi ambayo wateja wetu wengi hawana.

Ukoo wa pili ni programu huria unazoweka kwenye seva yako. Mkubwa wao ni WordPress, uliotoka Mei 2003 kwa mikono ya Matt Mullenweg na Mike Little, na leo unaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Kwangu takwimu hiyo ina maana moja: ukiondoka leo, kesho mteja atapata kijana mwingine Katuba au Bel-Air anayeujua. Unatumia lugha ya msimbo ya PHP na hifadhidata ya MySQL au MariaDB, vitu ambavyo karibu kila seva ya bei ndogo inavyo. Angalia tu usichanganye vitu viwili vyenye jina moja. WordPress.org ni mahali pa kupakua programu bure ukaiweke kwenye seva yako. WordPress.com ni huduma ya kukodi, nayo ina mipango ya bure na ya kulipia. Nimeona mtu akilipia kimoja huku akisoma maelekezo ya kingine wiki nzima.

Udhaifu wa WordPress ni urahisi wake. Kila tatizo lina plagini, yaani kiongezi cha programu, na kila plagini ni mlango mwingine katika nyumba yako. Mimi sivuki plagini nane au tisa: nakala za akiba, usalama, fomu, lugha, kupunguza picha, na zile chache ambazo kazi yenyewe inazidai. Na mandhari ya kulipia inayotolewa bure kwenye Telegram usiiguse. Mara nyingi imefichwa msimbo wa kupachika viungo vya kamari kwenye kurasa zako, na Google itakuona wewe ndiye mchafu. Mandhari zinazokuja na WordPress yenyewe, kama Twenty Twenty-Five, ni nyepesi na zinatosha kuliko watu wanavyoamini.

Joomla nauweka hapa kwa heshima ya jina. Mwaka 2005 kikundi cha watengenezaji kilijitoa katika mfumo ulioitwa Mambo, kikaanzisha wake, kikachukua neno letu "jumla" na kuliandika kwa tahajia ya Kiingereza. Una lugha nyingi ndani yake bila plagini, jambo zuri kwa mji wenye Kifaransa na Kiswahili. Lakini kumpata mtu wa kuutunza ni kazi, na dashibodi yake inamchanganya mgeni.

Drupal, wa Mbelgiji Dries Buytaert tangu 2001, ni trekta. Wizara, chuo kikuu, shirika lenye wahariri ishirini na ngazi za ruhusa: hapo hana mpinzani wa karibu. Mimi niliuweka kwenye shule moja ya msingi kwa sababu nilitaka kuonyesha kwamba naujua. Miezi minane baadaye ukurasa wa mwanzo bado ulikuwa unatangaza mitihani iliyokwisha. Katibu aliniambia kwa upole, "Yaya, kile kitu chako kinaniogopesha." Niling'oa, nikaweka WordPress, bure, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Ukirithi tovuti ya zamani ya Drupal 7, jua kwamba msaada wake ulikwisha tarehe 5 Januari 2025, na kuitoa pale si kubonyeza kitufe cha kusasisha. Ni kuhama nyumba.

Ukoo wa tatu ni tovuti tuli: Hugo, Jekyll, Eleventy. Unaandika maandishi kwenye faili za kawaida, programu inazigeuza kuwa kurasa zilizokamilika, unazipandisha, basi. Hakuna hifadhidata ya kuvunjwa, hakuna PHP ya kusasisha, na ukurasa unafunguka haraka hata mtandao ukiwa umechoka. Cloudflare Pages na GitHub Pages zinakuhifadhia bure, ingawa GitHub Pages haikubali kufanywa seva ya bure ya kuendeshea biashara ya mtandaoni. Kwa fundi wa milango niliyemtaja, hii ndiyo. Kwa kanisa lenye matangazo ya kila wiki na mwandishi asiyejua Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, hapana.

Hatua ya 4: mweke mwenyewe mbele ya skrini

Hatua hii watu wanairuka, na mimi naipa uzito kuliko zote. Kabla ya kuamua, fungua majaribio ya mifumo miwili na umpe yule atakayeandika. Mpe simu yake mwenyewe, mega zake mwenyewe, kazi moja: weka picha hii, andika bei, chapisha. Usimsaidie. Shika saa.

Mama wa vitenge alipewa huduma moja ya kuburuta na programu ya simu ya WordPress. Kwenye ya kwanza kidole chake kiliburuta kisanduku cha kichwa badala ya picha, na ukurasa mzima ukapinda. Alirudisha simu mezani kama mtu aliyevunja sahani ya jirani. Kwenye ya pili aliona kitu kinachofanana na anachokifanya kila siku: picha, maneno, tuma. Dakika sita. Tulikuwa tumechagua.

Hatua ya 5: fanya kazi bila kungoja mtandao wala kuran (umeme)

Huna haja ya kujenga tovuti ukiwa umeunganishwa. XAMPP au Local zinaiweka WordPress ndani ya kompyuta yako, na unaijenga yote ukiwa nje ya mtandao. Pakua faili kubwa usiku kama mega za usiku ni nafuu kwako. Kompyuta ya mkononi yenye betri nzima ina thamani kuliko kompyuta ya mezani yenye nguvu mara mbili, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuandika kwenye hifadhidata, faili zinaweza kuharibika. Ukikamilisha, unahamisha mara moja kwenye seva.

Kwenye seva yenyewe angalia mambo matatu: cheti cha HTTPS, kinacholinda mawasiliano ya tovuti, kiwemo bure (Let's Encrypt inakitoa na kujihuisha chenyewe), nakala za akiba ziwe za kila siku, na kuwe na mtu wa kukujibu kwa lugha unayoijua. Nafasi ya gigabaiti mia wanayoitangaza sahau. Hutaimaliza.

Hatua ya 6: zipime picha kama unavyopima unga

Picha ya simu ya leo inafika megabaiti 4 bila shida. Picha mia ni megabaiti 400. Mama akizipandisha kama zilivyo, mega zake za wiki zimekwenda, na mnunuzi wa Kipushi atafunga ukurasa kabla kitenge cha kwanza hakijaonekana. WordPress inajitengenezea picha ndogo, ni kweli, lakini hiyo ni baada ya picha kubwa kufika kwenye seva. Gharama ya kupandisha imeshalipwa.

Punguza kwanza. Fungua Squoosh kwenye kivinjari, weka upana wa pikseli 1200, umbo la WebP, ubora 75. Kitenge kilichokuwa megabaiti 4 kinashuka hadi kilobaiti 150 hivi, na maua yake bado yanasomeka. Picha mia sasa ni megabaiti 15. Squoosh inafanya kazi ndani ya kivinjari chako, picha haiendi popote, kwa hiyo hailambi mega. WordPress inapokea WebP tangu toleo 5.8 la mwaka 2021.

Ukimaliza, pima ukurasa wote kwa PageSpeed Insights, halafu pima kwa njia ya kwetu: toa simu ya bei ndogo, nenda nayo mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha, fungua. Ukihesabu hadi kumi hujaona namba ya simu ya duka, rudi nyumbani ukapunguze.

Hatua ya 7: vifaa vya kuchorea

Hapa nitakwenda mbio. Chora kwa kalamu kwanza, kwa umbo la simu, kwa sababu huko ndiko wasomaji wako. Figma ni nzuri lakini inataka mtandao muda wote. Penpot ni huria, na mwenye seva yake anaweza kuiendesha mwenyewe. GIMP inatosha kukata picha, Visual Studio Code inatosha kuandika msimbo. Rangi mbili na mwandiko (fonti) mmoja. Mwandiko uliopo tayari kwenye simu ya msomaji haupakuliwi, na wasiopenda kuuona hawatakuja kukushtaki.

Hatua ya 8: lugha

Wateja wengi husema "weka Kifaransa, ndiyo lugha ya biashara." Waulize wateja wao wanawapigia simu kwa lugha gani. Duka la sokoni liandike Kiswahili kwanza. Ofisi inayotafuta zabuni za migodi iandike Kifaransa. Ukiweka zote mbili kwenye WordPress, plagini ya Polylang ya bure inatosha: kila ukurasa una pacha wake. Hakikisha kila pacha ametambulishwa kwa msimbo wa lugha yake, sw kwa Kiswahili na fr kwa Kifaransa, ili kivinjari kisianze kutafsiri Kiswahili chako kana kwamba ni Kireno. Na usiweke lugha ya pili kama hakuna wa kuiandika. Ukurasa mtupu wenye bendera unamfanya mtu adhani duka limefungwa.

Hatua ya 9: malipo bila makuu

Duka la kadi ambalo kijana alilitaka hatukuliweka. Chini ya kila kitenge tuliweka kiungo cha WhatsApp: wa.me, mkwaju (/), kisha namba inayoanza na 243 bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mbele, na mwishoni ujumbe ulioandikwa tayari, "Nataka kitenge namba 14." Mnunuzi anagusa, WhatsApp inafunguka, mama anajua ni kipi. Bei wanapatana, pesa inapita kwenye simu kama kawaida. Biashara ikifika maagizo mengi kwa siku, hapo utaweka WooCommerce, plagini ya duka, na kutafuta mpatanishi wa malipo anayepokea pesa za simu za Kongo. Kabla ya hapo ni kununua lori la kubebea mfuko mmoja wa unga.

Hatua ya 10: kukabidhi

Nakala za akiba ziwe tatu: kwenye seva, kwenye diski yako, na kwenye diski ya mteja. Mara moja kwa miezi mitatu jaribu kuirudisha mojawapo ndani ya XAMPP, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu. Manenosiri yawekwe kwenye KeePassXC, isiyohitaji mtandao, na pia kwenye karatasi ndani ya bahasha: domeni, seva, WordPress, barua pepe. Bahasha inakaa kwa mteja. Mtengenezee akaunti ya mhariri kwa kazi za kila siku. Ile ya msimamizi abaki nayo kwenye bahasha. Mwonyeshe mara tatu jinsi ya kuweka bidhaa, na mara ya tatu afanye yeye huku wewe ukinywa chai.

Mama alinipigia baada ya wiki tatu. Kitenge namba 14 kimeisha, je, akifute? Nilimwambia aandike "kimekwisha" na akiache palepale, watu waulize kinarudi lini.